Somo: Kusoma utenzi wa kale kwa sikio kabla ya kusaka ujumbe

Tukipewa shairi la kale, wengi wetu hukimbilia "mafunzo", kisha mizani (idadi ya silabi) na vina (silabi za mwisho zinazofanana) tukavitaja mwishoni kama mapambo. Huko ni kulidhulumu shairi. Tuchukue Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mwaka 1858:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Hatua ya 1. Soma kwa sauti, bila kamusi.

Hatua ya 2. Hesabu mizani kwa vidole. Kila mshororo una 8.

Hatua ya 3. Fuata vina. Hapa usiharakishe. Mishororo mitatu inaishia -ti, wa nne unaachana nayo na kuishia -ia. Sasa sikiliza mama anavyosema: sogea, wewe uliye mchanga, usikie wasia. Anaamuru, na -ti inagonga mara tatu. Kina kinapogeuka, sauti nayo inageuka: asa, yaani huenda. Kumwita binti anaweza, ila kuzingatia hawezi kumlazimisha, anatumaini tu. Uandike ubeti huu kwa nathari uone kama mgeuko huo utausikia.

Hatua ya 4. Nenda ubeti wa pili:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Vina vya -ka ni vipya, lakini mshororo wa nne umerudi kulekule. Hiyo -ia ndiyo bahari, yaani kina cha mshororo wa mwisho kinachoshika utenzi mzima. Kwanza ilibeba tumaini juu ya binti. Sasa inabeba uchungu wa mama aliyekaa mwaka bila kusema.

Hatua ya 5. Sasa andika ujumbe.

MASWALI

Mwalimu, mshororo wa kwanza mbona napata 7?
Umeihesabu "binti" kuwa silabi mbili. Ni tatu: bi-n-ti. Vivyo hivyo "kutamka": ku-ta-m-ka.

Huenda alichagua maneno ili apate kina tu. Tusimsingizie maana?
Hoja nzuri. Kina cha -ia ni chepesi kwa sababu vitenzi vingi vya kauli ya kutendea huishia hivyo. Lakini angalia matokeo yake: "kukwambia" ni tendo linalomwelekea mtu, na wasia wote unamwelekea binti. Wepesi wa kina hauondoi maana, mradi uoneshe ushahidi ndani ya ubeti.

Na mashairi ya mizani 16, kama ya Muyaka, mshairi wa kale wa Mombasa?
Anzia katikati ya mshororo. Ukwapi (nusu ya kwanza) unasema nini, na utao (nusu ya pili) unaukamilisha au unaupinga? Kama kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kinarudiwa, kisome ubeti wa kwanza na wa mwisho: maneno ni yaleyale, ila beti za kati huenda zimeyapa uzito mwingine.