Skii zako zinahitaji nta tu, au fundi?
Kwa mnaoteleza kwenye theluji kule Alps au Canada: zipindueni skii penye mwanga mzuri. Weupe mkavu karibu na kingo za chuma mara nyingi ni kukosa nta tu. Hilo mtalimaliza nyumbani. Kisha pitisha mgongo wa kucha kwenye ukingo, sehemu kadhaa, taratibu. Ukingo usipokwangua unga wa kucha, umekuwa butu. Laza rula ya chuma kukatisha upande wa chini: mwanga ukipenya katikati au pembeni, si bapa tena, na hapo inatakiwa mashine ya jiwe la kusagia. Ukiona mkwaruzo uliofika hadi kwenye mbao ya ndani, au ukingo ulioachia, mpelekee fundi kabla ya kuteleza tena. Maji yakishaingia, tabaka za skii huanza kubanduka.