Daftari la moyo unaoruka

Moyo wangu una tabia moja mbaya: ukifika mbele ya daktari, unatulia. Miaka mitatu nilizunguka kliniki nikilalamika unaenda mbio. Nikipimwa, mapigo sawa, narudi nyumbani Kondele, Kisumu, na dawa za vidonda vya tumbo. Mahali pamoja niliambiwa, "Ni mawazo, mama." Kilichonisaidia ni daftari la vipimo vya nguo za wateja. Mimi ni fundi cherehani, basi nikaanza kuandika mwendo wa moyo kwenye kurasa zake za nyuma.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilipounasa hatimaye, nilielezwa kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu vizuri. Chanzo kwangu ni vali iliyoharibika tangu utotoni, kutokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa sawasawa.

Nawe ukitaka daftari kama langu, anza na mapigo. Keti dakika tano kwanza. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usipimie gumba, lina mapigo yake. Wengine huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa 4. Sisi tuhesabu dakika nzima, maana moyo unaoruka hudanganya ukiuhesabu kidogo. Kisha sikiliza mwendo wenyewe. Cherehani yenye sindano butu huruka mishono: ta-ta, kimya, ta-ta-ta, ta. Ukisikia hivyo, andika "unaruka" kando ya nambari. Na usishangae muuguzi akisikiliza kifua akapata nambari kubwa kuliko yako, kwani mapigo mengine hayafiki mkononi.

"Nilijisikia vibaya" haimsaidii mtu. Andika ulianza saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, mwili ulisema nini, ulikoma ghafla au polepole. Ukurasa wangu mmoja:

"Jumapili saa 9 alasiri. Natoka soko la Kibuye na mzigo wa vitambaa. Chai tu tangu asubuhi. 132, unaruka. Pumzi fupi kwenye ngazi. Mkojo mara nne. Saa 1 usiku umekoma ghafla, miguu imelegea."

Mkojo nilikuwa naona aibu kuuandika. Kumbe moyo ukitetemeka hivyo unaweza kutoa kemikali inayoziambia figo zitoe maji.

Uchovu ndio ulionipita kabisa. Nilidhani ni umri. Lakini nilikuwa nashona sare tatu za shule kwa siku, zikawa mbili, kisha moja na nusu. Sasa naandika idadi ya sare. Wewe andika ndoo za maji, au mara unazosimama kupumzika ukienda stejini.

Pima pia asubuhi na jioni hata usiposikia chochote, maana moyo unaweza kuruka kimya siku nzima. Hatari ya damu kuganda na kuleta kiharusi haingoji usikie kitu. Ndiyo maana nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata siku nzuri, na nina ukurasa wa INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda. Yangu inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Osuga (mnavu) na sukuma wiki, ambazo zinaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo, sijaacha, ila nakula kiasi kilekile kila wiki. Dawa za mitishamba siongezi kabla ya kuuliza.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigongana, angalia saa tu, maana hospitalini wataiuliza, kisha uende mara moja. Vivyo hivyo ukizirai, kifua kikibana, pumzi ikikata au choo kikiwa cheusi kama lami. Usipande boda peke yako.

Kabla ya kliniki, nakili miezi miwili kwenye karatasi moja. Daktari mwenye foleni hadi mlangoni hatasoma kurasa 40. Yangu ilionyesha vitu viwili: usiku wa matanga bila usingizi, na Jumapili za soko. Daktari aliweka kalamu kwenye Jumapili nne mfululizo akauliza, "Mama, ukienda sokoni hunywi maji?"

Nilikuwa sinywi, kwa sababu choo cha huko ni cha kulipia na foleni yake ni ndefu. Akanipangia kiasi cha kunywa, akaonya nisijiongezee, kwani wenye moyo uliochoka wengine huambiwa wapunguze. Siku hizi chupa ya maji iko kwenye mkoba pamoja na tepu ya kupimia, na shilingi za choo nimezitenga.