Kuondoa Minyoo na Ruba Katika Tangi la Samaki la Nyumbani

Kabla ya kutia dawa yoyote katika tangi, mfugaji anapaswa kwanza kumtambua mdudu aliyemwona. Mara nyingi dawa huleta hasara kubwa kuliko mdudu mwenyewe: huua konokono na kamba wasio na hatia, na minyoo wengi wakifa kwa pamoja huoza na kuyajaza maji amonia, ambayo ni sumu kwa samaki.

Wanaoonekana mara nyingi ni minyoo weupe, wembamba kama uzi, wanaojipindapinda kwenye maji au kujificha ndani ya changarawe. Hawa hula mabaki ya chakula na kinyesi, wala hawamdhuru samaki. Wakiongezeka ghafula, jambo la kushughulikia ni chakula kilichozidi. Wakipanda juu ya kioo kwa wingi, huenda oksijeni imepungua chini, hivyo pampu ya hewa na kichujio vikaguliwe siku hiyo hiyo. Punguza chakula hadi kiasi ambacho samaki watakimaliza kwa dakika mbili au tatu, fyonza uchafu ulio ndani ya changarawe kwa mpira kila wiki, na ubadilishe takribani robo ya maji, ukitumia maji yaliyoondolewa klorini. Sifongo ya kichujio isafishwe katika maji yaliyotolewa kwenye tangi, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba huua bakteria wanaoondoa amonia. Idadi ya minyoo haitashuka kwa siku moja, lakini itashuka.

Planaria ni mnyoo wa aina nyingine. Mwili wake ni bapa, kichwa chake aghalabu kina umbo la pembetatu chenye macho mawili madogo, naye huteleza juu ya kioo bila kujipinda. Huyu anaweza kula mayai ya samaki na kuwashambulia kamba wachanga. Usimkate wala kumponda ndani ya tangi, kwa sababu kipande kilichobaki huweza kukua kuwa mnyoo kamili. Mtego ni rahisi kutengeneza: chukua kichupa cha plastiki, toboa matundu madogo ambayo samaki hawezi kupita, weka ndani kipande kidogo cha nyama mbichi, kilaze chini jioni taa zikizimwa, kisha kitoe asubuhi pamoja na walionaswa. Rudia kwa usiku kadhaa.

Ruba hutambulika kwa namna anavyotembea: hushika kwa kikombe cha mbele, huvuta mwili, kisha hushika kwa kile cha nyuma. Wengi wanaoingia katika matangi hula konokono na minyoo, si damu ya samaki, kwa hiyo ukimwona mmoja kwenye kioo mtoe kwa koleo dogo bila taharuki. Akiwa amemganda samaki, usimvute kwa nguvu, maana atararua ngozi na kuacha jeraha linaloweza kuingiwa na maambukizi. Mtie samaki katika ndoo yenye gramu 20 za chumvi kwa kila lita ya maji ya tangi, kwa dakika chache tu, na usiondoke hapo. Samaki akianza kulala ubavu, mrudishe mara moja. Kambare na samaki wengine wasio na magamba huvumilia chumvi kwa shida zaidi.

Dawa ya minyoo ya mifugo iitwayo fenbendazoli huwaua planaria, na baadhi ya wafugaji huitumia. Mimi ningeiacha iwe hatua ya mwisho, kwani huua pia aina kadhaa za konokono, na wanaotaka kuitumia ni vyema wamwone daktari wa mifugo kuhusu kipimo.

Kinga ni bora, na mlango mkuu wa wageni hawa ni majani ya majini. Mayai ya ruba hukaa ndani ya vifuko vigumu vilivyogandamana chini ya jani, na kuosha kwa maji peke yake hakutoshi. Weka majani mapya katika ndoo pekee yao kwa wiki tatu au nne, ukibadilisha maji na kukagua kila upande wa jani.

Anayechukua majani kutoka Ziwa Victoria, bwawa au mfereji wa umwagiliaji anahitaji tahadhari kubwa zaidi. Baadhi ya konokono wa huko hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo huingia mwilini kupitia ngozi iliyogusa maji. Usichukue konokono hao, vaa glavu ndefu zisizopitisha maji, na usiyanyonye kamwe maji kwa mdomo ili kuanzisha mtiririko katika mpira. Ujaze mpira maji safi kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole, kisha tia ncha moja ndani ya tangi, shusha nyingine kwenye ndoo iliyo chini ya tangi, na uachie vidole.