Kumfuga kamba vunjajungu nyumbani Tanga: anza na tundu lake

Kosa la kwanza la wanaotaka kumfuga kamba huyu ni kununua tangi zuri lenye taa kali, kumwekea jiwe moja la kujificha, basi. Huyu ni mnyama wa tundu. Saa nyingi yumo ndani, ametokeza macho tu mlangoni, na kila jicho linazunguka upande wake. Tundu likikosewa, hali chakula vizuri, hajivui gamba salama, na hudhoofika hata maji yakiwa safi. Kwa hiyo fikiria tundu kabla ya tangi, na tangi kabla ya mnyama.

Tunamwita kamba vunjajungu kwa sababu hukunja mikono kifuani kama yule mdudu wa majanini. Yuko wa namna mbili. Mchomaji ana mikono yenye miiba kama chanuo. Hujifukia mchangani na kudaka samaki na kamba wanaopita. Mpiga ngumi ana uvimbe mgumu kwenye kiwiko, mfano wa rungu, na kwa huo hupasua konokono na kaa. Anayeanza tunamshauri achukue mpiga ngumi mdogo wa jamii ya Gonodactylus, mwenye sentimita 6 hadi 8, anayeishi kwenye vitundu vya miamba inayobaki wazi maji yakipwa wakati wa bamvua. Yule wa rangi nyingi, Odontodactylus scyllarus, naye yumo katika bahari yetu, lakini hufika sentimita 18 na anataka tangi mara tatu zaidi. Mchomaji mkubwa, Lysiosquillina maculata, hupita sentimita 30 na huchimba shimo refu mno mchangani. Huyo mwache baharini.

Suala la kumpata ulipe uzito. Hifadhi ya Silikanti Tanga, hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009, imeshika ukanda mrefu wa pwani kutoka upande wa Pangani kuja Tanga mjini, kwa hiyo usidhani ufuko ulio karibu nawe uko nje ya mpaka. Waulize watu wa hifadhi, afisa uvuvi na viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa ufuko, wa eneo lako kabla ya kuchukua chochote. Usivunje mwamba kwa mtalimbo kumtafuta kamba mmoja, maana tundu alilomo linatumiwa na viumbe wengi na halitarudi. Ukipewa na mvuvi aliyemnasa kihalali, mkague: awe na mikono yote miwili ya kupigia, macho yanayozunguka, na gamba lisilo na madoa meusi yaliyochimbika. Mbebe kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko na maji ya pale alipotoka. Mfuko wa nailoni ataupasua njiani.

Kwa kamba wa sentimita 7, tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linatosha, yaani kama lita 60. Kwa yule wa rangi, anza na 90 kwa 45 kwa 45, karibu lita 180. Mwambie fundi vioo atumie kioo cha milimita 8 kwa tangi dogo na 12 kwa kubwa. Ngumi ya yule wa rangi inaweza kufikia kasi ya mita 20 na zaidi kwa sekunde, na mapovu yanayozaliwa kwenye pigo hupasuka na kuongeza pigo la pili. Kioo cha ubavuni hakivunjwi mara nyingi. Kilicho hatarini zaidi ni cha chini, kwa sababu yeye huchimba mpaka akifikie, kisha hukigonga akitaka kuendelea. Tandika kipande cha plastiki ngumu cha milimita 5, ile ya kutengenezea mabango, juu ya sakafu nzima ya tangi kabla ya kuweka kitu kingine.

Sasa tundu. Chukua bomba la PVC la kijivu la inchi 1 kwa kamba mdogo, inchi 2 kwa mkubwa. Urefu uwe mara mbili au zaidi ya mwili wake. Unganisha kona mbili ili bomba lipinde kama herufi U, midomo yote miwili ikitazama juu, kwa sababu anapenda kuwa na mlango wa pili wa kukimbilia. Usitumie gundi ya mabomba. Viungo vikibanwa kwa mkono vinakaa. Ndani paparuze kwa msasa mkavu ili miguu ipate pa kushika, kisha osha vizuri. Lifukie bomba, midomo ibaki juu ya mchanga, mmoja karibu na kioo cha mbele. Hapo ndipo utakapomwona. Kuta za bomba zisipitishe mwanga: giza ndilo linalomtuliza.

Mawe makubwa yakae moja kwa moja juu ya ile plastiki, si juu ya mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga atachimba chini yake na yatamwangukia. Mawe ya matumbawe ya kujengea, yale ya nchi kavu, yanafaa sana yakilowekwa na kusuguliwa. Kisha mwaga mchanga wa sentimita 5 hadi 8 kwa tangi dogo, zaidi kidogo kwa kubwa ili bomba lifichike, na uongeze vipande vya kokoto na magamba ya ukubwa tofauti, kuanzia punje ya mahindi hadi kokwa ya embe. Hivyo ndivyo vifaa vyake vya ujenzi. Usiku ataziba mlango kwavyo na asubuhi atazibua, na akikosa vipande vya kutosha hatulii.

Maji ya Tanga ni neema, lakini si kila mahali. Usichote karibu na bandari, mifereji, wala kwenye midomo ya mito. Wakati wa masika maji ya mto Zigi hupunguza chumvi na kuleta tope. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na ufuko, kwa madumu ambayo hayakuwahi kubeba mafuta wala dawa. Chuja kwa kitambaa na upime chumvi kwa kipimo cha uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu: 1.023 hadi 1.026. Chumvi ya jikoni haiwezi kuchukua nafasi ya maji ya bahari, kwani inakosa kalsiamu na magnesiamu anazohitaji kujengea gamba.

Washa chujio, weka kipande cha kamba mbichi kioze ndani ili bakteria wa kusafisha maji wazaliane, na subiri wiki 4 hadi 6 ukipima maji. Amonia, sumu itokayo kwenye uozo, itapanda kisha ishuke, na nitriti, sumu inayotokana na amonia hiyo, ifuate vivyo hivyo. Vyote viwili vikifika sifuri na kubaki hapo, tangi liko tayari. Ukimwingiza kabla ya hapo unamuua kwa uchafu wake mwenyewe. Siku ya kumwingiza, dondosha maji ya tangi kwenye chombo chake kwa mrija uliofungwa fundo, kwa muda wa saa moja na nusu. Kila baada ya wiki mbili badilisha asilimia 20 ya maji.

Maji yanayopungua kwa mvuke jazia maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai. Ya bombani yakae siku nzima yakipulizwa hewa ili klorini itoke. Ya mvua yaliyopita kwenye bati usitumie, zinki ni sumu kwake. Shaba ni mbaya zaidi: dawa nyingi za samaki zina shaba, na tone dogo linaweza kumuua. Joto liwe nyuzi 24 hadi 28. Kuanzia Desemba hadi Machi chumba kinaweza kupita 30. Feni ikivuma juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu, na usimlishe mpaka urudi. Taa iwe hafifu. Kwa yule wa rangi, mwanga mkali umehusishwa na ugonjwa wa kuoza gamba.

Mlishe mara 2 au 3 kwa wiki: konokono mdogo, kaa mdogo, kipande cha kamba au ngisi. Angalau mlo mmoja uwe wenye gamba gumu, kwani kupasua ni sehemu ya maisha yake. Tumia koleo refu la plastiki. Kidole kisiingie kamwe, hata wakati wa kusafisha. Pigo lake linaweza kukipasua hadi mfupani. Mabaki yatoe ndani ya saa chache. Na usimwekee mwenzake, atamuua au atauawa.

Kila baada ya miezi michache atajivua gamba. Utaona amefifia rangi, amekataa chakula, amejaza mawe mlangoni. Hapa wengi hukosea: wanafukua wakidhani amekufa. Usifukue, usibadilishe mawe, pima amonia tu. Ikibaki sifuri na maji hayanuki, yuko hai, na anaweza kukaa hivyo wiki mbili au hata tatu. Huenda ukaona mwili mzima umesukumwa nje, na macho na mikono yake. Angalia kama ni mwepesi na mtupu ndani. Hilo ni gamba la zamani, liache. Yeye ni laini kule ndani, hawezi kupiga chochote. Atakapozibua mlango na kutokeza macho, mpe kwanza kipande laini cha kamba. Konokono asubiri wiki nyingine, mpaka rungu ligumuke.