Kabla hujamwaga dagaa kichanjani, hesabu mawingu

Naanika dagaa Sahare, hapa Tanga. Wapita njia hucheka wakinikuta nimesimama kati ya vichanja, mkono juu, nahesabu vidole. Wacheke. Dagaa wakishanyeshewa hata mnunuzi wa chakula cha kuku anakushusha bei.

Natafuta mambo mawili: mawingu yamefunika anga kiasi gani, na ni mawingu ya namna gani. La pili ndilo zito.

Kiasi hupimwa kwa okta. Anga huhesabiwa kuwa na mafungu 8: 0 ni anga tupu, 8 ni anga lililozibwa lote. Simama mahali pasipo minazi wala paa la jirani, uligawe anga mapande manne. Mimi nina upande wa Pemba, wa Usambara, wa Mombasa na wa Pangani. Kila pande lina okta 2. Kisia mawingu ya hapo yakisogezwa pamoja yangejaza ngapi, halafu jumlisha. Kiwingu kimoja, hata kiwe kidogo vipi, huandikwa 1. Anga likiziba likabaki tundu dogo tu la buluu, andika 7. Na jihadhari na mawingu ya mbali kule Usambara: unayaona kwa ubavu, mianya yake haionekani, kwa hiyo utazidisha.

Viwanja vya ndege vina kifaa kinachorusha leza juu na kupima muda inaochukua kurudi, ndipo kimo cha wingu kijulikane. Lakini kinaona lile lililo juu yake tu.

Sasa namna. Nyuzi nyeupe nyembamba za juu kabisa ni sirasi, chembe za barafu tupu, na huku kwetu ukanda wa joto hukaa zaidi ya kilomita 6 juu. Hata zikifika okta 6 mimi namwaga dagaa, jua linapenya. Kumulasi ni yale yenye kitako bapa na kichwa cha mviringo. Yakiwa mafupi, okta 3 au 4, ni siku ya kawaida tu. Yatazame yanavyokua. Likirefuka kupita upana wake, anza kuwa macho. Kichwa kikipoteza ukali wa kingo na kutanda pembeni kama fuawe, hiyo ni kumulonimbasi, wingu la radi. Hapo okta 2 zinatosha kukusanya kila kitu, tena mbio.

Stratasi ni blanketi la kijivu la chini, lina manyunyu. Nimbostratasi ni zito zaidi, huficha jua kabisa na mvua yake haina haraka ya kwisha. Siku hiyo usianike.

Mavundevunde ndiyo yanayochanganya watu, na ndiyo sababu ya vidole. Nyoosha mkono, pima bonge moja lililo juu vya kutosha, si lile la ukingoni mwa upeo. Likifichwa na kidole cha mwisho, ni sirokumulasi, ya juu. Likizidi hapo lakini vidole vitatu vikalifunika, ni altokumulasi, ya kati. Likivishinda vitatu, ni stratokumulasi, ya chini.

Daftarini naandika hivi: "Saa 3 asubuhi, 5/8, kumulasi, virefu upande wa Usambara." Saa 9 alasiri narudia. Masika sisubiri saa. Turubai linakaa chini ya kichanja.