Unataka kutengeneza muziki wa filamu? Anza hivi, hata kama huna hela ya okestra

Tuanze na hili la hela maana ndo kisingizio cha kwanza. Madogo wanaotengeneza biti wakitaka kuhamia kwenye filamu wimbo ni uleule, bro sina okestra, sina kiibodi ya maana, laptopu yenyewe inaganda. Sawa. Mwaka 1964 pale Roma jamaa anaitwa Ennio Morricone alipewa filamu ya makauboi ya bajeti ya kuungaunga, A Fistful of Dollars, hela ya okestra kama zile za Hollywood hamna, akachukua mluzi wa Alessandro Alessandroni, gitaa la umeme, mlio wa mjeledi, kengele, kwaya kidogo, akapika. Mpaka leo ukisikia mluzi wa staili ile unajua kuna watu wanakaribia kupigana risasi. Na jina lake hata halikuandikwa, waliweka Dan Savio ili watazamaji wadhani ni kazi ya Wamarekani.

Kitu kingine kuhusu ile filamu, muziki wake mkuu ulijengwa juu ya kazi ya zamani. Morricone alikuwa ameshampangia mwimbaji mmoja wimbo miaka kama miwili nyuma, dairekta Sergio Leone akausikia akasema nataka huohuo muziki bila maneno. Kwaiyo zile demo zako za 2021 usifute jamani. Nunua hadi diski, weka.

Haya, umepata filamu fupi ya dakika 15 ya mshkaji wako. Usiguse kiibodi kwanza. Iangalie mara ya kwanza kama mtu aliyelipa kiingilio, mara ya pili zima sauti kabisa, mara ya tatu kaa na dairekta mpite sini moja moja na daftari mkononi, unaandika muziki unaingia dakika ya ngapi sekunde ya ngapi, unatoka wapi, na unafanya kazi gani pale. Hiyo ya tatu ndo watu wanairuka alafu wanakuja kulia. Dairekta akikwambia "hapa weka piano ya huzuni" usikimbilie piano, muulize nani ana huzuni, ni mama, ni mtoto, au ni sisi tunaoangalia kwa sababu tunajua kitu ambacho mama hajui bado? Hayo ni majibu matatu tofauti na muziki wake ni tofauti. Ala chagua mwenyewe, yeye akupe hisia.

Kuna mtego hapa. Edita akiwa anakata picha huwa anaweka muziki wa watu wengine kushikilia nafasi, mara nyingi wa Hans Zimmer, yule mtunzi mkubwa wa filamu za Hollywood, alafu dairekta anausikia wiki tatu mfululizo mpaka unamkaa kichwani. Ukija na wako anakwambia mzuri ila… Hiyo "ila" ni kwamba hujamletea Zimmer. Omba uone picha kabla hawajaweka chochote, na kama wameshaweka, muulize anapenda nini pale, mwendo, ule uzito wa chini, au vile unavyochelewa kuingia. Chukua hicho kimoja, mengine achana nayo.

Sasa hesabu, na usiogope ni ya darasa la tano. Mlango unabamizwa sekunde ya 14.4 tangu muziki uanze na unataka mdundo udondoke palepale. Ukiweka tempo 60, yaani mapigo 60 kwa dakika, kila pigo ni sekunde moja, mlango unaangukia katikati ya mapigo, inasikika kama umekosea. Weka 100, pigo linakuwa sekunde 0.6, gawa 14.4 kwa 0.6 unapata 24 kamili, yaani baa 6 (mafungu ya mapigo manne manne) zimeisha na mlango unabamizwa kwenye pigo la kwanza la baa ya 7. Tamu. Ila usifanye hivi kwa kila mlango, kila hatua na kila kikombe kinachowekwa mezani, itakuwa katuni. Chagua tukio moja au mawili kwa kila sini, mengine yaache yapite.

Na kuna sini hazitaki muziki kabisa, hapa ndo nawaona wengi tunafeli, yaani Bongo movie nyingi muziki unaanza na jina la filamu unaisha na shukrani, kinanda kinalia juu ya maongezi mpaka husikii mama mkwe kasema nini. Morricone huyohuyo, filamu ya Once Upon a Time in the West ya 1968, karibu dakika kumi za mwanzo hakuna muziki, ni mlio wa kinu cha upepo kinachokwaruza, matone ya maji, nzi. Kinu kile kinatisha kuliko ngoma yoyote. Pale watu wanapoongea, kama lazima uwepo, kaa na noti ndefu, nzito kuliko sauti ya mtu au nyembamba kuliko hiyo, usijaze katikati, na filimbi au zeze linaloimba melodi wakati mtu anaongea ni kama watu wawili wanaongea kwa pamoja.

Nikitaja zeze, angalia ulichonacho karibu. Ile filamu ya The Constant Gardener ya 2005 iliyopigwa Kenya, muziki alitunga Mhispania Alberto Iglesias, lakini nenda kamuulize aliyeiangalia anakumbuka nini, atakwambia Kothbiro, nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo) na sauti ya Mkenya Ayub Ogada, wimbo uliokuwa umesharekodiwa toka 1993. Mtu mmoja na nyuzi nane. Zeze, marimba, kanuni ya taarabu, mama anayeimba jikoni, rekodi hata chumbani, ning'iniza mablanketi, zima feni na friji (friji utaisahau, nakwambia, utaisikia usiku kwenye hedifoni) na umlipe huyo mpigaji.

Kosa langu mimi nilitunga dakika tisa za muziki kwenye picha ambayo haijafungwa, yaani edita bado anakata. Nimemaliza, nimelala vizuri, asubuhi naambiwa tumepunguza kidogo tu, kumbe wametoa sekunde nne hapa, saba kule, kila kitu kimehama. Nikarudia karibu yote bure. Siku hizi naandika ideas mapema ila sipimi sekunde mpaka edita aseme picha imefungwa, na mkataba unasema wakikata baada ya hapo wananilipa marekebisho. Humo humo kwenye mkataba andika awamu za malipo, nusu kabla, na nani anamiliki muziki, maana wakikulipa laki mbili na umewauzia haki zote, filamu ikienda kwenye TV au mtandaoni wewe unaangalia tu. Kwa Tanzania sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haijatoka.

Kukabidhi ni fasta: faili za WAV za 48 kHz, sio MP3 ya WhatsApp, kila kundi la ala na faili lake ili fundi sauti aweze kushusha ngoma bila kuua nyuzi, na majina yenye namba ya sini. "Final final 3" hapana.

Kuhusu muda, Morricone alisoma tarumbeta na utunzi, akakaa miaka anapangia watu nyimbo za redio na za kampuni ya rekodi ya RCA, filamu ya kwanza yenye jina lake ni ya 1961 akiwa na miaka 32. Oscar ya ushindani aliipata 2016, ana miaka 87, ameshatungia filamu na vipindi vya TV zaidi ya 400.

Wewe wikiendi hii tafuta sini ya dakika mbili kutoka kwa mwanafunzi yeyote wa filamu, zima sauti, itungie mara tatu: mara ya kwanza upande wa mama, mara ya pili upande wa mtoto, mara ya tatu noti moja tu. Alafu mpe achague bila kumwambia ipi ni ipi.