Somo: Nani alaumiwe shujaa wa tanzia anapoanguka?

Wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo. Hili ni somo la wanakikundi wetu wa Tabora pamoja na ndugu wa Kigoma wanaosoma nasi. Katika insha ninazosahihisha, swali la nani alaumiwe katika tanzia, yaani tamthilia inayoishia kwa maangamizi ya shujaa wake, hujibiwa haraka mno: mke ndiye mbaya, wachawi ndio wabaya, au mwandishi anamalizia na "sikio la kufa halisikii dawa", kalamu anaweka chini. Methali hiyo inamhukumu mtu baada ya kumwona amekwisha kufa. Haisemi aliambiwa nini, aliambiwa na nani, wala kama alikuwa na nafasi ya kusikia. Haya ndiyo nataka tujifunze kuyatafuta.

Nitatumia Macbeth ya William Shakespeare, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968.

Hatua ya 1: Panga matendo, usimlaumu mtu bado

Andika nani alifanya nini na nini kikafuata. Maneno kama "katili" na "mroho" yaache kwanza.

Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua insha yote. Wachawi wanamwambia Macbeth, jemadari wa Scotland, kwamba atapewa utawala wa jimbo la Cawdor, kisha atakuwa mfalme. Cheo cha Cawdor kinamfikia papo hapo, bila yeye kukiomba. Anajisemea kwamba kama bahati inamtaka awe mfalme, basi huenda ikamvika taji yenyewe. Halafu Mfalme Duncan anamtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi, na Macbeth anaziomba nyota zifiche mwanga wao, tamaa zake nyeusi zisionekane. Tazameni hapo yuko wapi: bado yuko kwa mfalme, hajaonana na mkewe. Aliyepanga matendo vizuri hawezi tena kuandika kwamba wazo la kuua lilianzia kwa mke.

Hatua ya 2: Kila tendo liulize maswali matatu

Alijua nini wakati huo? Nani alikuwa pembeni yake? Angeweza kurudi nyuma?

Maswali haya yaulizwe upya kwa kila tendo, kwa sababu majibu hubadilika. Usiku wa kumuua Duncan, Macbeth alikwisha kumwambia mkewe kwamba jambo hilo wasiendelee nalo. Mke akamshambulia kwenye uanaume wake, akampa mpango wa kuwalevya walinzi, naye akakubali. Hapo lawama ya mke ni nzito na tuiandike bila kusita. Lakini njooni kwenye kifo cha Banquo, jemadari mwenzake. Macbeth anawatuma wauaji bila kumshirikisha mkewe. Anamwambia abaki hajui mpaka jambo litakapokamilika. Tukifika kwa mke na watoto wa Macduff, mtawala wa Fife aliyempinga Macbeth, waliouawa baba yao akiwa amekimbilia Uingereza, hakuna aliyemshawishi. Mizuka aliyoonyeshwa na wachawi ilimwonya amtahadhari Macduff. Haikumtaja mke wala mtoto.

Kinachoniuma kila ninapoisoma tamthilia hii ni kwamba Bibi Macbeth ndiye anayetembea usingizini akiuliza yuko wapi sasa yule mke wa mtawala wa Fife, yaani mke wa Macduff. Damu ya mwanamke huyo hakuiagiza yeye. Anaibeba kwa sababu alifungua mlango wa kwanza, na mumewe akaendelea kupita bila kumhitaji tena.

Hatua ya 3: Mtafute aliyesimama mahali palepale

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Banquo alikuwa njiani pamoja na Macbeth. Aliwasikia wachawi walewale, naye akaahidiwa jambo kubwa: kizazi chake kitatawala. Hakumuua mtu. Alimwonya hata mwenzake kwamba nguvu za giza huweza kutuambia ukweli mdogo ili zituangamize katika jambo kubwa. Kwa hiyo utabiri peke yake haukutosha kumfanya mtu muuaji. Ukiandika "wachawi walimlazimisha", msahihishaji atakuuliza mbona Banquo hawakumlazimisha, nawe huna jibu.

Hatua ya 4: Usimsahau aliyejua akanyamaza

Banquo huyohuyo, baada ya Macbeth kutawazwa, anajisemea kwamba anahofia ufalme ule umepatikana kwa hila chafu. Anasema akiwa peke yake. Kisha anaukumbuka utabiri uliomhusu yeye, anapata matumaini, ananyamaza. Anamtumikia mfalme anayemshuku, na siku hiyohiyo anauawa. Hakuua, lakini ukimya wake ulimpa Macbeth nafasi.

Hatua ya 5: Toa hukumu kwa ngazi

Taja nani ana lawama kubwa katika tendo gani, na eleza inapohama. Hukumu yangu ni hii: wachawi waliwasha tamaa, mke alisukuma mauaji ya kwanza, na kuanzia Banquo kuendelea mzigo ni wa Macbeth mwenyewe. Kadiri walioweza kumsukuma walivyopungua, ndivyo lawama yake ilivyokua.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mwanakikundi, Nzega: *Mwalimu, shikamoo. Je, Oedipus naye tumhukumu hivyo? Yule alitabiriwa kabla hajajua hata kutembea.*

Marahaba. Hapana, na ndiyo maana nasema tuulize alijua nini. Katika tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, wazazi wa Oedipus ndio waliotoboa miguu ya kichanga na kuagiza kikatupwe. Mchungaji akamhurumia. Alipokua na kusikia utabiri kwamba atamuua babaye na kumwoa mamaye, Oedipus aliondoka Corinth ili asiwadhuru watu aliowaamini kuwa wazazi wake. Alikimbia dhambi, njia ikampeleka kwenye hiyo dhambi. Lawama yake naiweka kwenye hasira: njia panda alimuua mzee, asijue kuwa ndiye babaye, pamoja na watu wake kwa ugomvi wa kupishana. Kwa hilo anawajibika. Kumuua baba na kumwoa mama ni mambo aliyoyatenda bila kujua, na simtwishi. Namheshimu kwa sababu alipoambiwa aache kuuliza, aliendelea kuutafuta ukweli uliokuja kumvunja.

Mwanakikundi, Kasulu: *Na kwenye Kinjeketile, lawama si ya wananchi? Yeye aliwaambia wasubiri.*

Umegusa penyewe. Katika tamthilia hiyo ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 juu ya Vita vya Maji Maji, Kinjeketile analeta maji ya dawa na umoja, kisha anaingiwa na shaka juu ya kile mzimu Hongo alichokisema kupitia kinywa chake, na anawazuia watu wasianze vita. Wanaanza bila yeye. Lakini kabla ya kuwalaumu, uliza walijua nini. Walikuwa wanalimishwa pamba na Wajerumani kwa viboko, na mtu waliyemwamini aliwaambia risasi haitawadhuru. Neno likishaingia kwa watu wenye njaa ya uhuru, aliyelisema hana tena uwezo wa kuliita lirudi. Lawama yake mimi naiona ndogo, lakini ipo: alitoa ahadi kabla ya kuielewa. Yaliyobaki yaandikwe kwa waliokuja na viboko.

Mwanakikundi, Urambo: *Mwalimu, na Mtemi Isike wetu? Naye tumwite shujaa wa tanzia?*

Swali hili limenifurahisha. Isike wa Unyanyembe aliyazuia mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892. Januari 1893, jeshi la Tom von Prince lilipovunja ngome yake hapa Tabora, aliwasha baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Ukiandika tamthilia juu yake, utashawishika kumtafutia kasoro, kwa kuwa Aristotle alifundisha kwamba shujaa huanguka kwa kosa fulani lake mwenyewe. Kuwa mwangalifu sana hapo. Aliyevamiwa nyumbani kwake si lazima awe na kosa lililomwangusha. Mchunguze kama mtawala aliyekuwa na maadui hata kabla ya Wajerumani, lakini mvamizi usimwandike kama mvua au ukame, kana kwamba alikuja tu. Mpe mvamizi jina, mpe maneno ya kusema jukwaani, ili watazamaji wamwone akiamua.

Mwanakikundi, Ujiji: *Mtihani ukiuliza "kwa kiasi gani mhusika mkuu alijiangusha mwenyewe", niandike asilimia?*

Usiandike asilimia. Chagua matendo mawili: moja ambalo alisukumwa, na jingine ambalo hakuna aliyemsukuma. Yalinganishe kwa ushahidi wa tamthilia. Kwa Macbeth, mauaji ya Duncan na yale ya familia ya Macduff yanatosha kujaza kurasa zako zote. Ukipata muda ukabaki, mwingize Banquo.